Parkingi za chini: feni ziko, hewa haiko



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuchambua vitabu, hotuba na sheria. Leo naomba tuchambue parkingi. Msicheke. Jengo nalo ni kazi ya watu waliosoma: kuna aliyelichora, kuna aliyepiga hesabu, kuna aliyeweka sahihi. Kama tunaweza kumsema mwandishi kwa sura mbaya ya kitabu chake, basi tunaweza kumsema pia enjenyeri kwa parkingi yake. Na maenjenyeri tuko wengi katika chama hiki. Mimi ni mmoja wao, na mtaona huko chini kwamba sijitoi.

Nianze na nilichokiona.

Siku moja nilialikwa kwenye fete ya ndoa katika jengo jipya hapa Goma. Jina lake nitaliacha, ju liko na ndugu zake wengi mjini humu na kule Bukavu pia. Ukitaja moja, ni kama unasema mengine yako mazuri. Etaji tano, vioo mbele, asanseri, na ukumbi wa fete juu kabisa. Gari zinashuka chini ya ardhi kwa mteremko wa beto na kuegeshwa kati ya nguzo. Ukiinua macho unaona feni tatu kubwa zimefungwa kwenye dari, ndefu kama mapipa yaliyolazwa. Nilipoziona nilifurahi. Nikasema moyoni, huyu aliyejenga alifikiri.

Kama saa mbili za usiku umeme ukakatika. Juu watu wakapiga kelele, halafu gurupe ikawaka, taa zikarudi, watu wakapiga makofi. Mimi nikakumbuka zawadi niliyoiacha ndani ya gari, nikashuka. Nilipofungua tu mlango wa ngazi, macho yakaanza kuwasha. Gurupe ilikuwa humo humo chini, nyuma ya uzio wa nyavu, na bomba lake la moshi liliishia kwenye mteremko wa kuingilia. Geti la tole lilikuwa limefungwa ju ya wezi. Na zile feni tatu zilikuwa zimesimama kimya.

Muzamu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mzee wa kama miaka 60. Nikamsalimia, tukaongea kidogo.

— Papa, humu njo unalala?

— Njo humu, patro. Mukeka yangu iko pale nyuma ya nguzo ya mwisho.

— Na feni, kwa nini haizunguke?

— Feni iko kwa umeme ya mji. Umeme ikienda, nayo inalala. Gurupe inabeba taa, asanseri na muziki ya kule juu.

— Na kichwa yako?

— Kichwa inauma kila asubuhi. Nikitoka inje, nikikunywa chai, inapoa. Mi naonaka ni malaria.

Wandugu, kichwa kinachouma kila ukilala mahali fulani na kupoa kila ukitoka nje, kabla ya kukiita malaria lazima uulize hewa ya mahali pale. Kesho yake nilimtafuta msimamizi wa jengo, nikamweleza. Alinisikiliza vizuri, kwa heshima. Halafu akanijibu: "Lakini feni ziko, enjenyeri. Si uliziona?"

Jibu hilo njo limenifanya niandike. Kwa sababu ni kweli, feni ziko. Ziko kwenye plani, ziko kwenye devi, ziko kwenye picha za matangazo. Kitu ambacho hakiko ni hewa. Na kati ya kuwa na feni na kuwa na hewa kuna kazi nzima ya enjenyeri, ambayo pale haikufanyika.

Tuangalie kwanza parkingi iliyofungwa inatakiwa ipambane na nini. Gari ya petroli ikiwaka inatoa monoksidi ya kaboni, ile tunaandika CO. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mapafuni inashika himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Gari inatoa CO nyingi zaidi pale injini ingali baridi, maana yake dakika zile za asubuhi wakati watu wanawasha na kungoja. Na gari zetu nyingi zimezeeka, nyingine zilishatolewa katalizeri. Dizeli inatoa CO kidogo kuliko petroli, lakini inaleta masizi na gesi za naitrojeni, zile zinazowasha macho. Gurupe ndogo za petroli ambazo maboutiki yanashusha chini wakati umeme unakosa ni mbaya zaidi: mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani inaonya kwamba jenereta moja ya aina hiyo inaweza kutoa CO sawa na mamia ya gari.

Elimu ya kupambana na jambo hili si mpya. Mwaka 1927 Wamarekani walifungua Holland Tunnel, barabara ya gari inayopita chini ya mto Hudson kati ya New York na New Jersey. Kabla ya kuchora feni, walikwenda kwanza kwa wanasayansi. Yandell Henderson wa chuo kikuu cha Yale alipima mtu anaweza kuvuta CO kiasi gani na kwa muda gani. Baada ya hapo njo wakapiga hesabu ya hewa. Matokeo yake yalikuwa feni 84: 42 za kuingiza hewa safi na 42 za kutoa hewa chafu, ndani ya majengo manne yaliyojengwa kwa kazi hiyo peke yake. Hewa yote ya tuneli inabadilika kwa karibu sekunde 90.

Sisemi tujenge Holland Tunnel hapa Goma. Ninachotaka muone ni mpangilio wa mawazo yao. Walianza na mapafu ya mtu, wakafika kwenye feni. Sisi tunaanza na feni, na mapafu hatuyafikii. Tena angalieni hesabu yao: 42 na 42. Hewa haiwezi kutoka kama hakuna nyingine inayoingia. Hilo hata mama anayewasha makala nyumbani analijua, anafungua mlango na dirisha kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye jengo letu. Zile feni tatu za dari hazitoi hewa nje hata kidogo. Ni feni za msukumo: zinachukua hewa upande huu wa parkingi na kuisukuma upande ule. Kwenye plani nzuri zinafanya kazi ya kuisindikiza hewa kutoka mlango wa kuingilia hadi kwenye feni nyingine kubwa inayoitupa nje. Feni hiyo kubwa pale sikuiona. Nilichoona ni tundu moja kwenye ukuta wa nyuma, la ukubwa wa dirisha la choo. Na upande wa kuingilia hewa ni mteremko, ambao usiku unafungwa na geti la tole. Kwa hiyo hata umeme ukiwepo, feni zinazungusha moshi ule ule ndani ya chupa iliyofungwa. Zinakoroga tu.

Tupige hesabu ndogo, isiyohitaji hata TFC. Chukua parkingi ya mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, dari mita 2.7. Inaingia gari kama 30. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza unasema parkingi ya chini inayotegemea mashine ibadilishe hewa yake yote mara 6 kwa saa, na pale kwenye mteremko ambapo gari zinangoja zikiwaka, mara 10. Kwa parkingi yetu, mara 6 ni karibu mita za ujazo 14,600 kwa saa. Wamarekani wanapiga kwa njia nyingine, lita 3.7 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba. Hiyo inakupa karibu mita za ujazo 12,000 kwa saa. Njia mbili, nchi mbili, na majibu yanakaribiana. Sasa hewa yote hiyo ipite kwenye dirisha la choo? Mwenye kuweza anionyeshe.

Lakini mwongozo ule ule wa Uingereza uko na njia nyingine, ambayo sisi tungeipenda kwanza kabla ya mashine yoyote: matundu ya kudumu ukutani. Unataka jumla ya matundu iwe moja ya ishirini ya eneo la sakafu, na yagawanywe kwenye kuta zinazotazamana, ili upepo uingie huku utoke kule. Kwa parkingi yetu ya mita 900 hiyo ni mita za mraba 45. Inasikika nyingi, lakini igawe: kwenye kila ukuta mmoja wa mita 30, ni mstari wa wazi wa sentimita 75 chini ya dari. Basi. Sentimita 75 za wazi, kuta mbili, na nyavu za chuma ju ya wezi. Hazili umeme, haziharibiki, hazingoji fundi atoke Kampala au Nairobi na vipuri.

Kwa kufanya hivyo parkingi haiwezi kuzama yote ardhini, lazima sehemu ya ukuta ibaki juu. Sawa. Kuchimba lava kunakula pesa. Kila nusu mita ambayo hukuchimba ni dola zilizobaki mfukoni.

Hapa nafika kwenye kosa ninaloona kubwa kuliko yote. Zile plani tunazonakili zimeandikwa kwa miji ambayo umeme haukatiki kila siku. Na hata huko hawaamini umeme wao. Mwongozo wa Uingereza, unapozungumzia kutoa moshi wa moto kwenye parkingi iliyofungwa, unataka mashine zigawanywe sehemu mbili, kila moja iweze kutoa nusu ya hewa peke yake, na kila moja iwe na chanzo chake cha umeme kitakachoendelea wakati ule mkuu umekatika. Feni zenyewe lazima zivumilie moto wa digrii 300 kwa saa nzima. Tena matundu ya kunyonyea, nusu yawe juu karibu na dari na nusu yawe chini karibu na sakafu.

Sisi tulichukua picha ya feni, tukaacha sharti la umeme. Mnaona ubaya wake? Hapa kwetu umeme ukikatika, feni zinasimama na gurupe inawaka kwa wakati mmoja. Saa ambayo moshi unaongezeka njo saa ambayo feni zinalala. Mtu akikaa achore kwa makusudi parkingi ya kuumiza watu, hatapata mpangilio mzuri kuliko huu. Na si kwamba gurupe haikuwa na nguvu. Ilibeba taa, asanseri na muziki. Kuna mtu aliandika kwenye karatasi vitu gani vibebwe na gurupe, na feni hakuziandika.

Kuna mwingine atasema: basi tuweke vipimo vya CO, siku hizi viko, feni inajiwasha yenyewe gesi ikipanda. Ni kitu kizuri. Kule kwingine kinapunguza sana matumizi ya umeme. Lakini kwa Goma lazima tuulize swali ambalo kitabu cha kigeni hakiulizi. Wandugu, sisi tuko na mazuku.

Hakuna mtoto wa hapa asiyejua neno hilo. Hata wanasayansi wa volkano wa dunia nzima wanalitumia hivyo hivyo kwa Kiswahili chetu: mazuku. Ni gesi ya CO2 inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo na mabonde. Himbi, Keshero, Bulengo, kuelekea Lac Vert, watu wanajua sehemu ambazo mbuzi na mbwa wanakufa, na watu pia. CO2 ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inalala chini kama maji. Inazidi usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia. Ikifika kama asilimia 10 ya hewa, mtu anapoteza fahamu kwa dakika chache.

Sasa fikirini. Unachimba shimo kubwa kwenye lava yenye nyufa, unalifunika, unaliita parkingi. Usiku gari zimetoka au zimezimwa, hakuna CO. Kipimo chako cha CO kinasoma sifuri, na kinasema kweli. Feni inalala, ju hakuna aliyeiamsha. Kama ardhi ya pale inatoa CO2, inajikusanya polepole kwenye sakafu, na kipimo hakiioni, ju CO na CO2 ni vitu viwili. Na kwenye sakafu kuna nani? Kuna mukeka nyuma ya nguzo ya mwisho.

Sisemi kila parkingi ya Goma iko na mazuku. Mazuku haiko kila mahali, na kutisha watu ovyo si kazi ya msomi. Nasema enjenyeri anayechimba Goma bila kupima gesi ya ardhi kwanza hajamaliza kazi yake, hata kama beto yake ni nzuri. Kupima si jambo la miujiza. Kuna vifaa vya mkononi vya CO2, na mji huu uko na watafiti wa volkano ambao sehemu za mazuku wanazijua. Kama kiwanja kiko kwenye sehemu hizo, usichimbe. Inua jengo juu ya nguzo, gari zikae chini yake, pande zote wazi. Kama si sehemu hizo lakini una wasiwasi, matundu na feni zifike mpaka sakafuni, zisiishie darini peke yake. CO inachanganyika na hewa kila mahali. CO2 ya ardhini inabaki chini. Feni ya dari haitaifikia.

Na kwa wa Bukavu, msifikiri mmepona ju hamko juu ya lava ya Nyiragongo. Kwenu parkingi nyingi zinaingizwa ndani ya mlima: mbele wazi, nyuma udongo. Hewa inaingia kwa mbele, inakosa pa kutokea, inarudi. Kule mwisho, karibu na ukuta wa udongo, ni mahali pa kufa kwa hewa. Dawa yake ni bomba pana la beto linalopanda kutoka ukuta wa nyuma mpaka juu ya paa, kama dohani. Hewa ya moto inapanda yenyewe. Ukitaka, unaongeza feni juu yake. Tena miji yetu miwili iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ile ya pwani. Oksijeni tayari ni pungufu kidogo kabla hata ya kuwasha gari.

Nataka kuwa wa haki kwa huyu aliyejenga. Parkingi yake iko na mambo mazuri: mteremko si mkali, nguzo hazikwaruzi gari, maji ya mvua yanatoka, rangi nyeupe inaleta mwanga. Na kuna majengo mengine hayana hata hizo feni za kukoroga. Tena inawezekana kabisa kwamba plani ya kwanza ilikuwa sawa. Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi kwenye jengo la aina hii alinieleza vile inaendaga: plani ilikuwa na matundu marefu kwenye kuta mbili. Mwenye jengo akaona ukuta wa barabarani unaweza kutoa boutiki mbili, matundu ya upande ule yakafungwa. Halafu batri za gari zikaibiwa, matundu ya upande mwingine yakafungwa na matofali. Halafu gurupe ikakosa mahali, ikashushwa chini. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake. Hakuna hata mmoja aliyesema "tumfungie muzamu bila hewa". Lakini mwisho wake ulikuwa huo.

Na sahihi ya enjenyeri ilibaki pale pale kwenye plani.

Hapa njo naingia mimi mwenyewe. Mwaka 2019 nilipewa kazi ya kupiga hesabu ya beto ya jengo moja lenye parkingi ya chini. Plani mpya iliponifikia, niliona matundu ya hewa yamefutwa. Niliona vizuri. Nikajiambia: mimi ni mtu wa beto, hewa si kazi yangu, na ukuta bila matundu unanirahisishia hesabu. Nikalipwa, nikaenda. Jengo lile limesimama, beto yake haina ufa. Ninapita mbele yake mara nyingi. Sijawahi kushuka chini kuuliza muzamu wake kama kichwa kinamuuma.

Ndiyo maana siwezi kuandika uchambuzi huu kama mtu wa nje. Ugonjwa wetu ni huu: kila mmoja anamaliza kipande chake. Arshitekti kachora, mtu wa beto kahesabu, mtu wa umeme kavuta nyaya, muuzaji kaleta feni. Hewa haina mwenyewe. Na mtu anayeivuta hakuwemo kwenye kikao chochote.

Kwa sababu tazameni nani anapimiwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema CO isizidi miligramu 100 kwa mita moja ya ujazo kwa dakika 15, na isizidi 10 kwa wastani wa saa 8. Tofauti ni mara kumi. Mwenye gari anahitaji dakika tatu parkingini: anashuka, anafunga, anapanda asanseri. Kwake kila kitu kitaonekana sawa. Muzamu anakaa saa 12. Waosha gari wanakaa mchana mzima. Plani zetu zinaandika "nafasi za gari 30". Hakuna pahali pameandikwa "watu watatu, mchana na usiku". Ukiandika mstari huo mmoja, hesabu yote ya hewa inabadilika.

Najua majibu yatakayokuja kwenye komenti. Wezi: nyavu za chuma zinazuia mwizi bila kuzuia hewa, na geti la nondo linafanya kazi sawa na la tole. Bei ya kiwanja: ni kweli, lakini sentimita 75 za ukuta si boutiki. Gari za umeme zinakuja: siku zikija tutafurahi, lakini gurupe na mazuku vitakuwa bado viko. Na lile la mwisho, "hapo hakuna mtu amekufa": hatujui watu wangapi walipelekwa nyumbani na "malaria" ya asubuhi, ju hakuna aliyeuliza walilala wapi.

Ninachoomba si kikubwa. Kwa sisi tunaoweka sahihi, mambo manne. Matundu kwanza, feni baadaye. Kama feni ni lazima, ziwe na pa kuingizia hewa na pa kutolea, na gurupe izibebe kabla ya asanseri. Gurupe yenyewe ikae nje, na moshi wake upande juu mbali na madirisha. Na hapa Goma, pima gesi ya ardhi kabla ya jembe la kwanza. Mwenye jengo akibadilisha plani na kufuta mambo hayo, ondoa sahihi yako kwa barua, na kopi ibaki kwako.

Kwa ninyi wengine, wanasheria, waganga, walimu, ambao hamchori majengo: siku moja umeme ukikatika na gurupe ikiwaka mahali mlipo, shukeni chini kidogo. Msiangalie dari. Mtafuteni muzamu, mumuulize kichwa chake kikoje asubuhi, na anatandika wapi mukeka wake. Halafu mrudi hapa mtuandikie mlichoambiwa, bila kutaja jina la jengo.

Yule papa nilimwomba alale juu, kando ya geti. Alinijibu kwamba patro wake anataka alale karibu na gari. Mimi wiki hii nitashuka kwenye lile jengo la 2019. Kama kuna mwenzangu anataka kuja, aniandikie.